Baba Mkwe Ataka Sumaku Shingoni, Bwana Mifugo Ataka Sindano

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mkamwana katika boma moja wilayani Rungwe, ninakaribia mwaka wa tisa wa ndoa, na ninakuandikia kuhusu ng'ombe, ingawa ukisoma hadi mwisho utaona kwamba ninaandika pia kuhusu heshima.

Mwezi Machi tulimpoteza ng'ombe wetu wa maziwa, chotara aliyekuwa akitupa lita 12 kwa siku. Alianza kwa kuvimba tezi chini ya sikio, akapandwa na homa, akaacha kucheua, na siku ya mwisho alipumua kwa shida huku povu likimtoka puani. Bwana mifugo alipofika ilikuwa siku ya tano. Alimchoma sindano, lakini alitueleza papo hapo kwamba tumechelewa na kwamba ugonjwa ni ndigana kali, ule unaoletwa na kupe. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa yakilipa ada ya mtoto wetu wa kwanza. Sasa bandani wamebaki mtamba wa mwaka mmoja na nusu na ndama jike wa miezi minne.

Kikundi chetu cha wafugaji kimekubaliana na bwana mifugo alete chanjo ya ndigana kali baada ya wiki tatu. Ametuomba tujiandikishe mapema, kwa sababu dawa ikishatolewa kwenye mtungi wake wa baridi lazima itumike siku hiyo hiyo, hivyo wanyama wakiwa wachache itamwagwa. Fedha ninayo, ni akiba yangu ya ndizi na maharage.

Kizuizi ni baba mkwe. Mwezi uliopita alirudi kutoka Tunduma na sumaku za tiba: mkanda wa goti kwa ajili yake, na mikanda miwili ya shingo kwa ajili ya ng'ombe. Anasema sumaku huvuta chuma kilichomo ndani ya damu, damu ikasafika, na kupe wakamkimbia mnyama. Anasema tiba hiyo ina mamia ya miaka na iliwaponya wakubwa wa Ulaya, na kwamba hata madaktari wa mifugo humlisha ng'ombe sumaku, jambo ambalo aliliona kwa macho yake alipokuwa kijana akifanya kazi katika shamba la mzungu. Ng'ombe wa jirani aliugua, akavalishwa mkanda huo, akapona, na baba mkwe anasisitiza kwamba ng'ombe hana imani, hivyo aliyemponya ni sumaku yenyewe. Kuhusu chanjo, anasema ni ugonjwa wenyewe unaotiwa ndani ya mnyama mzima, na kwamba baba yake alifuga maisha yake yote bila kuchanja hata mmoja. Shemeji yangu ameongeza kwa kutuonyesha katika simu kwamba Marekani waliwahi kutengeneza chanjo ya ugonjwa wa kupe kwa ajili ya binadamu, kisha wakaiondoa sokoni.

Wewe unazijua mila zetu Wanyakyusa. Bibi zetu hawakuwa hata wakikutana na baba mkwe njiani. Mkamwana alipomwona kwa mbali aliingia migombani hadi apite. Siku hizi tumelegeza, ninamsalimia na kumpelekea chakula, lakini kusimama mbele yake na kumwambia kwamba amekosea ni jambo nisiloliweza, wala sitaki kuliweza, kwa sababu amenitendea wema mwingi. Mume wangu yuko machimboni Chunya, na kila nikimpigia hujibu kwamba tukubaliane huko huko nyumbani.

Je, yako maneno ya kweli katika hayo anayoyasema? Na nifanyeje ili mifugo ichanjwe bila kumvunjia mzee heshima?

Mkamwana, Rungwe

*

Mwanangu, marahaba, na pole sana kwa ng'ombe wenu. Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo katika nyanda hizi kwa miaka mingi na ninaijua vizuri asubuhi ya banda lililobaki na kamba tupu.

Nianze na jibu ili usilitafute katikati ya maelezo: mwandikishe mtamba pamoja na ndama, wote wawili, wiki hii. Mengine yote ninayoandika hapa chini ni kwa ajili ya mazungumzo yatakayofuata nyumbani, kwa maana baba mkwe wako si mtu wa kupuuzwa. Nimeyasoma maneno yake mara mbili, na kadhaa kati yake ni kweli kabisa. Ukitaka akusikilize, anza kwa kuyakubali hayo.

La kwanza lililo kweli ni hilo linalokutia hofu zaidi, kwamba chanjo ni ugonjwa wenyewe. Ndivyo ilivyo. Kimelea cha ndigana kali, ambacho wataalamu hukiita Theileria parva, huletwa na kupe wa kahawia anayependa kujificha ndani ya sikio. Kupe huyo akishang'ata, kimelea huhitaji siku tatu au nne kukomaa ndani ya mate yake kabla ya kumwingia ng'ombe, na hapo huenda moja kwa moja kwenye seli nyeupe za damu, zile zile zinazopaswa kuulinda mwili. Hakiziui. Huzifanya zigawanyike bila kikomo, mfano wa saratani, nacho kikigawanyika pamoja nazo. Ndiyo maana tezi za chini ya sikio na mbele ya bega huvimba kabla ya jambo jingine lolote, na ndiyo maana mwisho mapafu hujaa maji na povu hutoka puani kama ulivyoona.

Chanjo iliyopo hutengenezwa kwa kuwaambukiza kupe kimelea hicho, kuwalisha juu ya sungura kwa siku chache hadi kimelea kikomae, kisha kuwasaga, kuchuja, na kugandisha maji yake katika naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ni mtungi ule ule wa aina inayobeba mbegu za uhimilishaji. Siku ya kuchanja, ng'ombe hudungwa vimelea hivyo vilivyo hai nyuma ya sikio, na dakika ile ile hudungwa pia antibayotiki ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini kwa muda mrefu. Antibayotiki haimzuii mnyama kuambukizwa. Humpunguzia makali ya ugonjwa, ili mwili wake upate muda wa kuzijua na kuziua seli zilizoingiliwa. Kwa hiyo mzee akisema kwamba mnamtia mnyama ugonjwa, jibu la haki ni kwamba ndiyo, tunamtia ugonjwa huku tumeushika kamba, na kinga anayoipata kwa sindano hiyo moja hudumu miaka mingi, mara nyingi maisha yake yote.

Njia hiyo haikupatikana kwa wepesi, na historia yake ninaipenda kwa sababu haimbembelezi mtu mkubwa. Daktari Mjerumani Robert Koch, ambaye baadaye, mwaka 1905, alipewa Tuzo ya Nobel, aliviona vimelea hivyo vidogo katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890, akavidhania kuwa ni hatua fulani ya ugonjwa mwingine wa kupe uliojulikana Marekani. Mwaka 1902 ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani yetu waliuingiza ugonjwa huu kusini mwa Afrika, nao ukateketeza mifugo kwa namna ya kutisha. Koch aliitwa huko mwaka 1903, akapendekeza ng'ombe wadungwe mara kwa mara damu ya wale waliopona. Ilionekana kama busara, na jina lake lilikuwa zito kuliko jina lolote la tiba wakati ule. Lakini ng'ombe waliodungwa walipopelekwa kwenye malisho yenye kupe walikufa sawa na wasiodungwa, na njia yake ikaachwa. Daktari wa mifugo Arnold Theiler ndiye aliyeonyesha mwaka 1904 kwamba hiki ni kimelea tofauti, naye mtaalamu wa wadudu Charles Lounsbury akathibitisha kwamba mchukuzi wake ni yule kupe wa kahawia.

Ilichukua nusu karne nyingine kabla ya kuonekana, mwaka 1953, kwamba dawa za jamii ya tetrasaiklini zikitolewa mapema wakati wa maambukizi humwezesha ng'ombe kupona akiwa na kinga. Kisha, katika miaka ya 1960 na 1970, watafiti wa kituo cha Muguga karibu na Nairobi walijifunza kuwasaga kupe na kugandisha vimelea, wakachanganya aina tatu za kimelea, mojawapo ikiwa na asili ya nyati wa Serengeti, kwa sababu kinga ya aina moja haikutosha kuzuia nyingine. Walichokifanya kila mara ndicho nataka mzee akisikie: waliwapeleka malishoni ng'ombe waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, katika majani yale yale, wakahesabu wanaokufa upande huu na upande ule. Mchanganyiko huo wa Muguga ndio unaotumika hadi leo. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa nchi yetu wamechanja ndama wao kwa wingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na siku hizi chanjo hutengenezwa Lilongwe, Malawi, ambako kwa mtu wa Rungwe ni ng'ambo tu ya mpaka wa Kasumulu.

Na hilo la babu kutochanja pia ni kweli, tena lina maelezo mazuri. Ng'ombe wa babu walikuwa wa asili, wenye nundu. Ndama wao walikutana na kupe wakiwa wadogo. Walio dhaifu walikufa, waliobaki wakakua na kinga, na kizazi baada ya kizazi ng'ombe hao wakazoeana na ugonjwa. Chotara wa Friesian au Ayrshire hana urithi huo. Tena kufungiwa bandani hakumwokoi, kwa sababu kupe huingia pamoja na majani mnayomkatia, hasa miezi ya mvua, ambayo katika nyanda hizi ndiyo miezi kupe wakubwa wa kahawia wanapokuwa wengi. Mwezi wa Machi mliompoteza ng'ombe wenu unalingana kabisa na hali hiyo.

Sasa sumaku. Mzee amesema kweli kwamba tiba hiyo ina mamia ya miaka. Paracelsus, tabibu wa Ulaya aliyefariki mwaka 1541, alikwisha kuitumia. Mwaka 1774 tabibu wa Vienna aitwaye Franz Anton Mesmer alimwekea mgonjwa wake vipande vya sumaku mwilini, mama huyo akatetemeka, akaona nafuu, na Mesmer akawa maarufu. Muda si mrefu alianza kudai kwamba hahitaji tena chuma, kwa sababu nguvu ya sumaku imo ndani ya mwili wake mwenyewe na anaweza kuihamishia kwenye maji, kwenye mti au kwa mtu. Alihamia Paris mwaka 1778, na huko wakubwa na matajiri walikaa wakilizunguka pipa lake lililotokeza fito za chuma, wakizigusisha mahali panapouma, wengine wakilia, wengine wakianguka na kupoteza fahamu. Kwa hiyo ni kweli pia kwamba wakubwa wa Ulaya waliitumia. Swali ni kama iliwaponya.

Mwaka 1784 mfalme Louis wa 16 aliteua tume ichunguze. Ndani yake walikuwamo Benjamin Franklin, aliyekuwa mjumbe wa Marekani nchini Ufaransa, na Lavoisier, mmoja wa waasisi wa kemia. Franklin alikuwa mzee wa miaka 78 asiyeweza kusafiri kwa raha, hivyo majaribio kadhaa yakafanyika nyumbani kwake Passy. Mfuasi wa Mesmer aliutia nguvu yake mti mmoja bustanini, kisha mvulana wa miaka 12, ambaye kwa kauli ya wafuasi hao wenyewe alikuwa mwepesi sana kuihisi nguvu hiyo, akafungwa kitambaa machoni na kupitishwa kwenye miti kadhaa. Alitoka jasho, akakohoa, kichwa kikamuuma, na kwenye mti wa nne akazimia. Mti uliotiwa nguvu ulikuwa mwingine. Wanawake waliofungwa macho nao waliona dalili zote walipoambiwa kwamba wanatiwa nguvu wakati hakuna aliyewagusa, na hawakuona lolote walipotiwa bila kuambiwa. Tume ikaandika kwamba dalili zinaletwa na matarajio ya mgonjwa na kwamba nguvu yenyewe haionekani kuwapo. Ninaomba uone kwamba tume haikuwaita wagonjwa waongo. Mvulana yule alizimia kweli.

Mkanda wa goti nao una ndugu yake katika historia. Mwaka 1796 Mmarekani Elisha Perkins alipata hataza ya vijiti viwili vya madini, vyenye urefu wa karibu inchi 3, ambavyo havikuwa sumaku hasa, ila vilidaiwa kuvuta maumivu nje ya mwili vikipitishwa juu ya ngozi. Vilinunuliwa sana hadi Uingereza. Mwaka 1799 daktari John Haygarth wa mji wa Bath alichonga vijiti vya mbao, akavipaka rangi vifanane na vile vya madini, na kuvitumia kwa wagonjwa watano wenye maumivu ya muda mrefu ya viungo. Wanne walisema wamepata nafuu. Siku iliyofuata alitumia vile halisi, na matokeo yakawa yale yale. Perkins mwenyewe alifariki mwaka huo huo kwa homa ya manjano mjini New York, alikokwenda kuijaribu dawa nyingine aliyoibuni, na jambo hilo hunihuzunisha kwa sababu linaonyesha kwamba aliamini alichokisema. Baba mkwe wako pia hakudanganyi; naye anaamini.

Hoja ya kwamba ng'ombe hana imani ni hoja nzito, na mwana wa Perkins aliitumia London, akitaja farasi na watoto wachanga waliopona. Ni kweli ng'ombe hana imani, lakini anayesema kwamba ng'ombe amepona ni mwenye ng'ombe, naye anayo. Zaidi ya hayo, ungemuuliza jirani maswali mawili kwa upole: je, ng'ombe wake alipimwa na kuthibitishwa kuwa na ndigana kali, na je, hakuchomwa sindano yoyote wiki ile? Homa za ng'ombe ni nyingi na baadhi hupungua zenyewe. Ndigana kali yenyewe hutibika kwa dawa iitwayo buparvakwoni ikiwahiwa siku za mwanzo, na mnyama aliyevaa mkanda huku akiwa amechomwa dawa hiyo hawezi kutuambia ni kipi kilichomponya.

Kuhusu chuma cha damu, chuma kimo kweli, ila kimefungwa ndani ya kile kinachoipa damu wekundu wake na hakina tabia ya msumari. Mzee anaweza kujihakikishia mwenyewe bila kusoma kitabu: siku mtakapochinja, sumaku yake isogezwe karibu na bakuli la damu mbichi, naye ataona kwamba damu haijongei. Wagonjwa wanaopigwa picha katika mashine za MRI hulazwa ndani ya sumaku yenye nguvu mara nyingi kupita mkanda wowote wa dukani, na damu yao huendelea na safari zake kama kawaida. Na kupe? Mtoe mmoja sikioni, umweke ndani ya sahani yenye sumaku. Atatembea juu yake. Kisha mtie kwenye mafuta ya taa.

Limebaki la sumaku anayolishwa ng'ombe, na hapa mzee ana haki kamili, wala sitaki mtu yeyote hapo nyumbani amcheke. Ng'ombe hachagui anachomeza. Akipewa majani yenye kipande cha waya au msumari humeza vyote. Chuma hicho hukaa katika tumbo la pili, lile lenye ukuta ulio kama sega la nyuki, na tumbo likikaza linaweza kukisukuma kikatoboa hadi kwenye moyo ulio jirani tu. Katika mashamba makubwa ng'ombe humezeshwa kipande laini cha sumaku chenye urefu wa kama kidole, nacho hutulia tumboni humo kwa maisha yake yote kikinasa waya na misumari. Hicho ndicho alichokiona ujana wake. Sumaku ile ilifanya kazi moja ambayo sumaku huifanya kweli, yaani kushika chuma. Kimelea cha ndigana si chuma. Ningependa mzee aambiwe jambo hili kabla ya jingine lolote, kwa sababu kumbukumbu yake ni sahihi, na muuzaji wa Tunduma aliitumia kumbukumbu hiyo kumuuzia kitu kingine.

Shemeji naye hakukosea kuhusu Marekani, ila habari yake imekatwa katikati. Chanjo ile ilikuwa ya ugonjwa wa Lyme, uletwao na kupe wa huko. Iliidhinishwa Desemba 1998, ikawakinga takriban watu watatu kati ya kila wanne waliomaliza dozi zote tatu. Baadhi ya watu walilalamikia maumivu ya viungo. Wasimamizi wa dawa walichunguza na hawakupata ushahidi kwamba chanjo ndiyo iliyoyasababisha, lakini hofu ilikwisha kuenea, wanunuzi wakapungua, na mtengenezaji akaiondoa sokoni mwaka 2002. Iliuawa na mauzo. Austria, kwa upande mwingine, imekuwa ikiwachanja watu wake dhidi ya homa ya ubongo iletwayo na kupe tangu miaka ya 1970.

Nisikufiche yale ambayo chanjo ya ndigana kali haiyafanyi. Haizuii ndigana baridi, haizuii kukojoa damu wala maji moyo, magonjwa mengine ya kupe yaliyopo huku kwetu, kwa hiyo kuogesha kwa dawa ya kupe kunaendelea. Katika vijiji vinavyopakana na nyati, kama vile vya pembezoni mwa Ruaha, kinga yake inaweza kupenywa, lakini nyinyi wa Rungwe hilo si tatizo lenu kubwa. Mnyama aliyechanjwa anaweza kubaki na kimelea kidogo mwilini, na kupe akakitoa hapo akakipeleka kwa ndama wa jirani asiyechanjwa. Ndiyo maana ni vizuri kijiji kichanje pamoja. Mnyama mgonjwa au aliyekonda asichanjwe siku hiyo, na kama mtamba wenu amepandishwa mwambie bwana mifugo kabla hajafungua mtungi. Wachache hupata homa katika wiki ya pili au ya tatu baada ya sindano. Nunua kipimajoto, pima kila asubuhi kwa wiki hizo, andika kwenye daftari, na joto likipita nyuzi 39.5 au tezi ikivimba piga simu siku hiyo hiyo. Usisubiri siku ya tano. Kwa mwezi mzima wa kwanza waogeshe kama vile hawajachanjwa, maana kinga bado inajengwa.

Sasa heshima. Wewe usimwambie. Mila yenu imekwisha kuweka njia, nayo ni mama mkwe au shangazi wa mumeo, yaani mtu anayeweza kukaa na mzee jioni na kumwambia neno bila kuonekana amemshinda. Nenda kwake na barua hii ukipenda. Mume wako naye ana wajibu ambao umbali wa Chunya haumwondolei: apige simu kwa baba yake, si kwako, na aseme kwamba yeye kama mwana ameomba mifugo ichanjwe. Hoja isiwe kwamba sumaku ni upuuzi. Iwe kwamba ng'ombe wa shamba lile la ujana wake walipewa sumaku kwa ajili ya waya, na kwamba ugonjwa ule ule uliomuua ng'ombe wa Machi una sindano yake.

Mkanda wa goti mwachie. Mapitio ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007, ambamo sumaku halisi zililinganishwa na za bandia, hayakuonyesha kwamba hupunguza maumivu, lakini kama anatembea vizuri zaidi akiwa ameuvaa, haumdhuru, mradi tu goti likivimba au likipata joto apelekwe hospitali. Mikanda ya shingo nayo akitaka ibaki shingoni siku ya chanjo, iache ibaki. Ndama wa kikundi kizima watachanjwa siku ile bila mikanda, wengine wa jirani watakuwa na mikanda bila chanjo, na mvua za mwakani atawaona wote kwa macho yake mwenyewe.

Ila kagua mshono wa mikanda hiyo kila wiki. Vipande vya sumaku vikidondoka viondolewe mara moja mahali watoto wanapocheza, kwa sababu mtoto akimeza viwili, huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa, na hapo ni upasuaji.